Mpangilio wa Kufuli katika Mifumo ya Faili ya Klasta

Ofisi ninayoihudumia hapa Mtwara hutunza kumbukumbu za maghala ya korosho kwenye hifadhi moja inayotumiwa na seva kadhaa kwa pamoja. Katika mfumo wa faili wa klasta (kundi la seva zinazofanya kazi pamoja) kama GFS2, seva haiandiki faili kabla haijapata kufuli, yaani ruhusa ya muda ya kuitumia, inayotambuliwa na klasta nzima. Wasomaji wengi huweza kushika kufuli ya pamoja, lakini mwandishi huhitaji ya peke yake.

Hatari huanza pale kazi moja inapohitaji kufuli mbili. Tuseme seva ya kwanza inahamisha faili kutoka saraka (folda) ya Newala kwenda ya Masasi, na ya pili inahamisha nyingine kutoka Masasi kwenda Newala: kila moja ikifunga kwanza saraka inakoanzia, zitasubiriana bila kikomo. Coffman na wenzake, watafiti wa kompyuta, walieleza mwaka 1971 kwamba mkwamo wa namna hii hutokea masharti manne yanapokutana, mojawapo likiwa mzunguko wa kusubiriana.

Mimi napendelea kuuzuia mzunguko huo tangu mwanzo, kuliko kuweka ukomo wa muda wa kusubiri na kuanza upya, kwa sababu ukomo huo huwaadhibu hata waliochelewa kwa haki. Kila kufuli hupewa namba, na seva zote hushika zenye namba ndogo kwanza, bila kujali mwelekeo wa kazi. Kuhamisha saraka nzima ni kugumu zaidi, kwani saraka inaweza kuishia ndani ya mtoto wake. Hapo GFS2 hutumia kufuli moja ya klasta nzima, na ucheleweshaji huo naukubali.