Miligramu 2.5

Miaka 9 nimemeza olanzapini, dawa ya ugonjwa wa akili, kila usiku, miligramu 10, bila kuuliza hadi lini. Ilinirudishia usingizi na akili; hilo silisahau. Lakini uzito unaongezeka kila mwaka, na kipimo cha mwisho cha sukari kilinitia hofu.

Safari hii nilikwenda kwa daktari na daftari langu: saa ninazolala, ninavyoamka mzito, na swali moja, naweza kupunguza? Hakunikemea. Alisisitiza nisiache ghafla, maana mwili uliozoea dawa huweza kuleta kichefuchefu, wasiwasi na kukosa usingizi, mtu akadhani ugonjwa umerudi. Tunashuka hadi 7.5, kisha tunasubiri miezi kadhaa kabla ya kugusa tena.

Dada yangu ndiye aliyenifanya nisite. Yeye aliniona nilipougua. Mimi nusu ya yaliyotokea sikumbuki. Tumekubaliana: nikikesha usiku mbili mfululizo, au nikianza kuwashuku majirani, atampigia daktari bila kuniomba ruhusa. Kulikubali hilo kulikuwa kugumu kuliko kupunguza kidonge chenyewe.

Leo ni usiku wa 12. Jana nililala kwa saa 6 na nusu. Nimeandika.