Usimwage Mtama: Vijana Wanapohakikia Maktaba Yao Riwaya

Mtoto wa shule ya upili amesimama mbele ya rafu ya riwaya. Ni Jumamosi, ametumwa soko la Kibuye mjini Kisumu na akaamua kupitia maktaba, kwa hivyo ana dakika 10 tu. Migongo ya vitabu inafanana. Jalada la nyuma la kila kimoja linaahidi kisa cha kusisimua. Katika mpangilio wa Dewey fasihi ya Kiswahili hukaa kwenye 896.392, na namba hiyo haimwonyeshi ni riwaya ipi itamshika mtu wa miaka 14 na ipi itamchosha kabla ya sura ya pili. Anayeweza kumwambia ni mwenzake wa rika lake, aliyekimaliza kitabu hicho wiki iliyopita na bado anakiwaza.

Ninawaandikia wakutubi, walimu na wazazi wa Kisumu, Nakuru, Kakamega na kwingineko wanaotaka kuanzisha kikundi cha vijana wanaohakiki riwaya kwa ajili ya maktaba iliyo karibu nao, wakiandika maoni yao kwenye kadi fupi zinazotundikwa rafuni. Kazi haihitaji pesa nyingi. Inahitaji uangalifu katika mambo machache, na kubwa kuliko yote ni kumfanya kijana amwandikie huyo mtoto aliyesimama pale, asimwandikie mtahini.

Shida hii ya mtahini ndiyo itakayowasumbua mwanzo hadi mwisho. Wanafunzi wetu wamefunzwa kusoma riwaya kwa ajili ya Karatasi ya 3 ya Kiswahili katika mtihani wa KCSE: fafanua maudhui, jadili nafasi ya mwanamke, eleza sifa za mhusika, alama 20. Wamesoma miongozo kabla ya kusoma riwaya zenyewe. Ukimpa kijana kama huyo kitabu kipya na kumwambia akihakiki, atakuletea "maudhui ya ufisadi, maudhui ya malezi, mbinu ya kisengerenyuma". Hajakosea lolote, ila hakuna anayeazima kitabu kwa sababu kina kisengerenyuma, yaani hadithi inayorudi nyuma katika wakati. Kwa sababu hiyo vitabu teule vya mtihani visiingizwe kabisa katika kazi ya kikundi. Vina wasomaji tayari, tena wa kulazimishwa, na vinarudisha kalamu ya mtoto darasani.

Kikundi kizuri kina vijana 8 hadi 12. Wakipungua chini ya 6, wawili wakienda mazishi na mmoja akiugua hakuna mkutano. Wakizidi 15, wanyamavu hawasemi tena. Umri wa miaka 13 hadi 18 unafaa, lakini msiwaache wa miaka 13 peke yao na riwaya zilizoandikiwa wanaokaribia kuwa watu wazima. Kutaneni kila baada ya wiki mbili kwa muda wa saa moja na nusu, na likizo za Aprili, Agosti na Desemba kila wiki, kwa sababu wa shule za bweni wanapatikana wakati huo tu. Wiki mbili zinatosha: riwaya ya kurasa 160 ikisomwa kurasa 20 kwa siku inaisha kwa siku 8, na siku zinazobaki ni za kuandika na za kufidia siku za stima kupotea.

Kila riwaya isomwe na watu wawili angalau, kila mmoja kwa wakati wake, na wasisimuliane kabla ya kuandika. Maktaba nyingi zina nakala moja ya kila kitabu, kwa hivyo wa pili husubiri zamu. Subira hiyo ina faida. Maoni mawili yanayogongana kuhusu kitabu kimoja huvuta wasomaji kuliko sifa kumi zinazokubaliana.

Kijana anaruhusiwa kukiacha kitabu njiani, ila si kabla ya ukurasa wa 50, au theluthi moja ikiwa kitabu chenyewe ni chembamba. Akikiacha, aandike aliishia ukurasa gani na ni nini kilichomshinda. "Niliacha ukurasa wa 63 kwa sababu wahusika saba walikuwa wameshatajwa na sikuweza kuwatenganisha" ni uhakiki wa kweli. Una manufaa zaidi ya kurasa mbili za sifa za mtu aliyesoma jalada peke yake.

Kitabu cha maktaba hakiandikwi, hata kwa penseli. Kata karatasi ya A4 vipande 6, vitatu kwa upana na viwili kwa urefu, upate vikaratasi vya takriban sentimita 7 kwa 15. Kimoja kinakaa ndani ya kitabu kama alama ya ukurasa, na msomaji anaandika juu yake namba ya ukurasa pamoja na alama moja: mshangao mahali aliposhtuka, alama ya kuuliza mahali alipopotea, na herufi Z mahali usingizi ulipomjia. Hizo tu. Ukimtaka aandike sentensi nzima wakati wa kusoma utamkatia utamu. Akimaliza kitabu, kikaratasi kile ni ramani: Z tatu mfululizo kati ya ukurasa wa 70 na 95 zinaonyesha pale hadithi ilipolegea. Aandike uhakiki ndani ya siku mbili. Baada ya wiki hukumbuka kisa tu na kusahau jinsi kilivyomgusa.

Sasa kadi yenyewe. Manila ya ukubwa wa A1 inatoa kadi 25 za sentimita 10 kwa 15. Kunja sentimita 3 za juu, uziingize chini ya vitabu, kadi ining'inie mbele ya rafu. Zinabaki sentimita 12 za kuandikia, nazo hubeba maneno 90 hadi 120 kwa mkono unaosomeka. Usitumie selotepu, kwa maana gundi yake hubaki kwenye rafu na kushika vumbi, na kadi ikibanduliwa inapasuka. Riwaya nyingi zina kimo cha sentimita 18 hadi 20, na rafu ikiwa na nafasi ya 30, kadi huning'inia katika uwazi ulio juu ya vitabu vya rafu ya chini bila kuvifunika. Pima rafu zako kwanza. Zikiwa zimebanana, punguza kadi na maneno.

Maneno 100 ni machache, na uchache huo ndio unaowafundisha vijana kuchagua. Sentensi mbili za mwanzo zitaje mtu na taabu yake: ni nani, yuko wapi, anatafuta nini, nani au nini kimemzuia. Chukua *Siku Njema* ya Ken Walibora, iliyochapishwa mwaka 1996. Mwanafunzi aliyezoea mtihani ataanza hivi: "Riwaya hii inazungumzia umuhimu wa bidii na uvumilivu." Mwanzo unaomfaa msomaji wa rafuni ni huu: "Kongowea ni yatima wa Tanga. Anafunga safari ndefu hadi Kitale kumtafuta baba asiyemjua." Wa pili una mtu, una njia, na kwa msomaji wa magharibi mwa Kenya una mji anaoweza kuufikia kwa matatu. Swali la kama atampata huyo baba halijibiwi.

Hapo ndipo mtama humwagika. Kanuni nyepesi ni kwamba lolote linalotokea baada ya theluthi ya kwanza ya kitabu halisemwi kwenye kadi. Riwaya ya kurasa 180, basi, inafichuliwa hadi ukurasa wa 60 na si zaidi. Wapo wanaojitetea kuwa siri yenyewe ndiyo tamu. Waulize mwandishi aliificha kwa kurasa ngapi, na kama ni haki kumpokonya mwenzao kurasa hizo zote kwa sentensi moja. Dalili nyingine ni neno "halafu". Likitokea zaidi ya mara mbili kwenye kadi, huo si uhakiki tena, ni masimulizi.

Baada ya mtu na taabu yake huja jambo moja ambalo kitabu kimelifanya vizuri, likiwa na ushahidi, kisha jambo moja kililokosea. Piga marufuku maneno "kizuri", "cha kusisimua" na "kina mafunzo mengi". Mwanzoni watalalamika kwamba hawana la kusema tena. Wape kikaratasi chao na uwaulize kilichotokea penye alama ya mshangao. Majibu yao huwa tayari ni sentensi za kadi: "Sura ya nne niliisoma mara mbili kwa sababu sikuamini mamake angeweza kusema vile." Kwa upande wa kasoro, ijadiliwe kazi, asijadiliwe mwandishi. "Mazungumzo ya vijana hapa si ya vijana, hakuna mtoto wa mtaa wa Nyalenda anayemwita rafikiye 'ewe sahibu yangu'" ni kasoro inayoweza kuonyeshwa. "Mwandishi hajui kuandika" ni matusi.

Mstari wa mwisho umtaje msomaji anayefaa: "Mpe yeyote aliyewahi kuhamishwa shule katikati ya muhula." Mstari huu nauthamini kuliko nyota tano. Nyota hazisemi kitabu kinamfaa nani, na vijana huongeza nyota kwa aibu tu wenzao wanapokuwa wamekichangamkia kitabu. Chini yake ziandikwe kurasa, ugumu wa lugha na tahadhari. Ugumu wa lugha upimwe kwa vidole. Fungua ukurasa wa katikati, kunja kidole kwa kila neno usilolielewa. Vidole vitano vikiisha kabla ya ukurasa kwisha, andika kwamba kamusi itahitajika. Tahadhari ni ya mambo mazito: kifo cha mzazi, ubakaji, kujiua, kipigo cha nyumbani. Maneno matatu yanatosha, bila kusema ni nani na wapi. Msomaji aliyezika mzazi mwezi uliopita ana haki ya kujua kabla hajafungua.

Kuhusu lugha ya kadi, msiwafunge. Riwaya ya Kiingereza inaweza kuhakikiwa kwa Kiswahili, mradi jina lake libaki lilivyo. Sheng naikubali kwa neno moja au mawili pale ambapo Kiswahili sanifu kingepoza maneno. Kadi nzima ya Sheng huchakaa upesi, maana Sheng ya mwaka huu si ya mwaka ujao, na ya Kondele, Kisumu, si ya Nakuru.

Kabla ya kadi kutundikwa, mwandishi amsomee mwenzake kwa sauti. Sikio hukamata kilichonakiliwa. Sentensi ya jalada la nyuma, au iliyotungwa na programu ya simu, hutoka kinywani mwa mtoto wa miaka 15 kama nguo ya kuazima. Ukishuku, usimshutumu. Mwombe alete kikaratasi na akueleze alama mbili. Aliyesoma atazungumza mpaka umnyamazishe. Mkutubi naye asahihishe majina ya wahusika, namba za kurasa na tahajia, basi. Akianza kulainisha maoni, vijana hutambua mara moja na wanaanza kumwandikia yeye, yaani tumerudi kwa mtahini.

Kwenye kadi liandikwe jina la kwanza au la kubuni, na umri. Shule, mtaa na namba ya simu visiwepo. Kadi ikipigwa picha na kupelekwa mtandaoni, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kwa taarifa za mtoto, na mtoto ni yeyote aliye chini ya miaka 18. Fomu za idhini zisainiwe siku ya kwanza, si siku picha imeshasambaa.

Kadi inapobaki na kitabu kimeazimwa, msomaji huondoka amevunjika moyo. Kwa hiyo andika pembeni namba iliyo mgongoni mwa kitabu, ili aombe awekewe, na jina la riwaya nyingine inayokaribiana nayo.

Hesabu zichukuliwe kwenye karatasi ya tarehe iliyobandikwa ndani ya kitabu. Hesabu mihuri ya miezi mitatu kabla ya kadi na mitatu baada yake, uandike katika kaunta buku. Linganisha miezi inayofanana, kwa sababu mihuri ya Agosti ni mingi hata bila kadi. Usiudharau ukarani huu. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, iliziweka maktaba miongoni mwa kazi za kaunti, na makadirio ya bajeti ya kaunti hufika kwenye bunge la kaunti kabla ya tarehe 30 Aprili. Orodha ya riwaya 20 ambazo vijana wanazitaka, ikiwa na mihuri ya kuonyesha kwamba zinazofanana nazo husomwa, iwe mezani kwa mkutubi mwezi wa Januari. Ikifika Mei imechelewa mwaka mzima.

Upande wa nyuma wa kadi uachwe mtupu, na penseli ifungwe kwa uzi kwenye rafu. Anayerudisha kitabu aandike hapo neno moja, "kweli" au "sikubali", na umri wake. Sehemu hiyo ikijaa, mrudishie kadi aliyeiandika aende nayo nyumbani, na utundike mpya.