Gorogoro kwa shilingi 40

Jumapili, saa tatu usiku. Mvua imepusa, vyura wa Nyalenda, mtaa wetu hapa Kisumu, wanaitikiana, na vidole vyangu bado vinanuka omena, dagaa wetu wa ziwani, ingawa nimeviosha kwa ndimu mara mbili. Leo nimeshinda soko la Kibuye nikitafuta mifuko ya kufungashia, na njia nzima nilikuwa nikimfikiria mama mmoja na swali aliloniuliza Ijumaa. Nisipoliandika usiku huu, Jumatatu italifunika.

Kazi yangu ni hii: nanunua omena kavu kutoka ufuo wa Luanda Kotieno, Ziwa Victoria, na mara moja moja ule wa Dunga, tunaichambua, tunaipakia nusu kilo nusu kilo, kisha inawafuata wateja walioiagiza mtandaoni. Wengi ni watu wa huku waliohamia Nairobi, Nakuru na Mombasa, waliochoka kupika omena inayolia mchanga mdomoni. Neno ninalowauzia ni moja tu, safi.

Miaka miwili nilifanya kila kitu peke yangu. Mwezi wa tatu nilichukua daftari nikaandika, kwa wiki nzima, kila saa ilikokwenda. Kujibu ujumbe wa wateja, saa 19. Kuchambua, 14. Kufungasha na kupeleka parseli kwenye mabasi, 9. Kununua, 6. Hesabu, 2. Jumla saa 50, na hapo sijaandika kupika, kufua wala mtoto. Mwanangu wa gredi ya pili alikuwa ameacha kuniita nikishika simu. Alikuwa anakuja, anaketi kando yangu, anangoja skrini izime. Siku nilipogundua kwamba anangoja, niliamua kugawa kazi.

Parseli zilikuwa rahisi. Kijana wa boda anapita saa kumi na moja jioni, anazipeleka kwenye basi la usiku, ananitumia picha ya risiti. Saa 9 zimerudi kwangu, na sina la kumlalamikia.

Ujumbe wa wateja ulinifunza zaidi. Nilimpa msichana wa jirani, amemaliza kidato cha nne na anaandika vizuri. WhatsApp inakubali akaunti moja ifunguke kwenye vifaa vingine hadi vinne, kwa hiyo anajibu kwa simu yake nami naona yote kwa yangu. Namba ya malipo nilibaki nayo. Nilimweleza mapema kwamba ujumbe wa M-Pesa ambao mteja anautuma kama ushahidi si pesa. Mtu anaweza kuuandika mwenyewe, herufi kwa herufi. Parseli haitoki mpaka niione pesa kwenye akaunti yangu. Nilimweleza pia kwamba majina na namba za wateja wetu haziendi kwa mtu yeyote, hata rafiki anayeuza mihogo. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 hilo si adabu tu, na ikivunjwa anayeulizwa ni mimi mwenye biashara.

Nilichokosea ni lugha. Nilimwandikia majibu ya kunakili: "Habari mteja wetu mpendwa, tumepokea oda yako." Wiki ya pili bibi mmoja wa Mombasa, mteja wangu wa tangu mwanzo, akaniandikia: "Mwanangu, u mzima? Mbona siku hizi wanijibu kama benki?" Nilimpigia simu usiku uleule. Siku hizi msichana anajitambulisha, anasema yeye ni nani na anamsaidia nani, kisha anaongea na mtu kama anavyoongea na watu. Bibi anamuulizia hali ya mama yake sasa.

Lakini kinachoninyima usingizi ni kuchambua.

Nilitafuta akina mama watatu wa mtaa. Malipo, shilingi 40 kwa gorogoro, lile kopo la kupimia la sokoni. Niliona ni haki kabisa: anayefanya zaidi apate zaidi, na mimi nisihitaji kusimama juu ya mtu. Wiki ya kwanza gunia liliisha kabla ya saa tisa alasiri. Nilifurahi sana. Muda ule uliorudi sikuupeleka kwa mtoto, niliupeleka kwenye oda zaidi.

Wiki ya tatu mteja wa Nairobi alinitumia picha ya bakuli. Alikuwa ameloweka omena yangu, na chini kulikuwa na mchanga wa kutosha kujaza kijiko. Siku iliyofuata mwingine akanipigia: mtoto wake ameuma ganda la konokono. Nilirudisha pesa za pakiti 11, nikaenda kwa akina mama nikiwa na hasira.

Mkubwa wao, umri wa mama yangu, hakujitetea. Aliniambia, "Nyathina, kaa," yaani mwanangu, kaa. Akateka gorogoro moja kutoka kwenye gunia, akaimwaga kwenye ungo. Akapepeta kwanza, magamba yakaruka. Kisha akatandaza omena kwa kiganja kilicho wazi, safu nyembamba ya kuonyesha nyuzi za ungo, akaanza kutoa kimoja kimoja: ganda, kipande cha jani, fulu, samaki wengine wadogo walioingia wavuni na ambao wateja wengine hawawataki. Baada ya hapo akachukua konzi, akaisugua taratibu kati ya viganja karibu na sikio. Alikuwa anasikiliza mchanga. Ukiwa bado upo unasikika, kama mtu anayekanyaga changarawe mbali. Konzi iliyolia aliirudisha, iliyonyamaza akaiweka kando. Nilitazama saa. Dakika 50.

"Hiyo ndiyo safi unayoitaka," akasema. "Kwa siku sitapita gorogoro 9. Nitarudi nyumbani na nini?"

Shilingi 360. Nilipiga hesabu pale pale na sikuwa na la kusema. Ili mtu afike shilingi 500 alilazimika kuruka hatua ya sikio, na wote watatu walikuwa wanairuka. Hakuna aliyeniibia. Ile haraka niliyokuwa naikimbia nilikuwa nimeitia mikononi mwao, na bei niliyoipanga ndiyo ilikuwa inawasukuma.

Kuna jambo lingine alinifunulia, nalo nililijua bila kulifikiria. Mchanga hauingii Nyalenda, unaingia ufuoni. Omena inayoanikwa chini inaokota kila kitu, inayoanikwa juu ya vichanja inakuja karibu safi. Mimi nilikuwa nanunua ya chini kwa sababu gunia ni nafuu, kisha ule unafuu naulipa kwa mgongo wa anayechambua. Sasa nanunua ya vichanja tu. Gunia limepanda bei, nami pakiti nimeipandisha kidogo, nikawaeleza wateja sababu. Wawili waliondoka.

Na malipo nimeyageuza: shilingi 600 kwa siku, gorogoro zitakazopatikana ndizo hizo. Zinapatikana zaidi ya 9, kwa sababu omena yenyewe ni bora. Wanakuja siku tatu kwa wiki. Nimesoma Sheria ya Ajira ya 2007, inasema kibarua ni yule anayelipwa mwisho wa siku, lakini akifanya kazi siku mfululizo mpaka zikatimia mwezi, sheria inamhesabu kuwa mwajiriwa wa mwezi, mwenye haki zake. Hatujafika huko. Tukifika, nataka tufike nikiwa nimejiandaa, sitaki kuanza kuwazungusha watu zamu ili nikwepe.

Kununua sijamwachia mtu. Nimejaribiwa, maana safari ya Luanda Kotieno inanila siku nzima, lakini nikiwa pale natia mkono kwenye gunia mpaka chini, na chini ndiko unyevu unakojificha.

Sasa swali la Ijumaa. Tulikuwa tunafunga kazi, nimeshawalipa, yule mama akafunga noti kwenye pindo la leso akaniuliza, "Na mbalamwezi?"

Omena huvuliwa usiku kwa taa. Giza likiwepo samaki wanaifuata taa. Mwezi ukijaa taa inakosa nguvu, mavuno yanashuka na mashua nyingi zinabaki ufuoni. Kwa siku kadhaa kila mwezi magunia hayaji. Mimi hukaa nikajibu wateja "subirini kidogo", nao husubiri. Akina mama watatu hawana wa kumwambia asubiri. Nilikuwa nimebadilisha kipimo cha malipo nikadhani nimemaliza, kumbe nilipanga siku zenye kazi tu.

Nimekaa na kalenda tangu niliporudi. Omena iliyokauka sawasawa inakaa, lakini msimu huu wa mvua gunia likivuta unyevu linaota ukungu ndani ya siku chache, na pesa yangu yote iko humo. Nimewaza wafungashe njugu siku hizo, nimewaza tutengeneze pakiti za omena iliyokaangwa tayari. Hayo yanataka vibali na jiko, si ya wiki hii.

Ninaloweza wiki hii ni mbao. Nimepata fundi wa kunitengenezea ulingo wa kuweka magunia juu ya sakafu, hewa ipite chini. Kisha nimemwandikia muuzaji wangu aniongezee mawili ya vichanja kabla mwezi haujajaa. Amejibu sasa hivi: yapo, njoo uyaone. Kesho asubuhi kabla ya chai nitapita kwa mama nimwambie kazi itakuwepo hata mwezi ukiwaka.