Umebadilisha manyuo kuwa oto? Kompyuta ya injini haijui bado

Watu wengi wakishafunga giaboksi ya oto kwenye gari lililokuwa manyuo wanaona wamemaliza, pedeli ya klachi imetoka, oili imejaa, gari linatembea. Kwangu mimi hapo ndo nusu ya kazi, coz kompyuta ya injini bado inaamini kuna mtu anakanyaga klachi.

Utaliona kwanza gari likisimama. Manyuo ikiwa nyutro injini inazunguka bila mzigo, lakini oto ukiweka D na mguu uko kwenye breki, toki konveta (kile kinachounganisha injini na giaboksi kwa oili badala ya klachi ya mguu) inaivuta injini muda wote. Kompyuta inatakiwa ipate taarifa kutoka kwenye swichi ya gia kwamba tumetoka N, iongeze hewa kabla resi, yaani mizunguko ya injini, hazijashuka. Isipopata, resi zinapanda zinashuka, mara gari linazima ukifika kwenye taa.

Swichi hiyohiyo ndo inaruhusu stata kupiga kwenye P na N tu. Kuna mafundi wanaunga waya moja kwa moja ili gari liwake haraka waondoke. Jamani, hapana kabisa! Gari likiwaka likiwa kwenye D linaweza kumgonga mtu aliyesimama mbele.

Ila penye uzito kweli ni kwenye kubadilisha gia. Kwenye oto nyingi za kisasa, gia ikitaka kuingia kompyuta ya giaboksi inaiomba ya injini ipunguze nguvu kwa muda mfupi sana, nayo inachelewesha moto wa plagi, gia inaingia laini, halafu nguvu inarudi. Programu ya manyuo ombi hilo mara nyingi hailijui kwahiyo gia inaingia kwa kishindo na klachi za ndani zinalika. Tena giaboksi inapanga presha ya oili kulingana na mzigo wa injini, sasa ikidanganywa kwamba mzigo ni mdogo presha inakuwa ndogo, klachi zinateleza, oili inaanza kunuka kuungua, na hapo giaboksi uliyoihangaikia inakufa taratibu huku gari likionekana zima.

Mimi napenda njia ya kutumia programu ya toleo la oto la gari hilohilo, injini ileile, kompyuta ya aina ileile, ukishindwa ndo unaweka kompyuta ya giaboksi inayojitegemea, nayo lazima ipate sensa ya mafuta unavyokanyaga, resi na spidi. Faili la mwanzo la kompyuta lihifadhi kwanza, na betri iwe kwenye chaja wakati wa kuandika programu mpya, umeme ukishuka katikati kompyuta inaweza kufa. Imobilaiza, yaani mfumo wa kuzuia wizi unaotambua ufunguo, nayo uisomeshe upya, na uwiano wa difu na saizi ya tairi viwekwe sawa la sivyo spidi inasoma uongo.

Baada ya hapo futa kile kompyuta ya giaboksi ilichojifunza zamani, endesha taratibu mpaka oili ya gia ipate moto, na rekodi data. Angalia resi kati ya gia na gia. Zikiruka juu ghafla kabla gia haijashika, simama hapohapo, usikanyage zaidi, rudi ukaangalie mpangilio wa presha ya oili.