Siku moja maishani mwangu: kujaribu pateni ya mkoba wa kanga, Mikindani

Saa 12 asubuhi. Kanga imelala kwenye beseni tangu jana usiku. Kanga mpya ina wanga wa kiwandani, na huo wanga ndio adui wa kwanza wa mkoba. Usipoutoa, gundi ya gamu (kitambaa cha kukazia kinachobandikwa kwa pasi) inashika wanga badala ya kushika nyuzi. Mkoba ukifuliwa mara moja tu wanga unaondoka, gamu inabanduka, na kitambaa kinavimba malengelenge kama chapati juu ya chuma.

Kabla ya kuloweka nilitia alama nne kwa uzi mweupe, mraba wa sentimita 50 kila upande. Ikikauka napima tena. Marekani, kitambaa cha pamba cha bitana, nayo inafuliwa, ila kwenye beseni lake, kwa sababu kanga nyekundu na nyeusi huchuja. Suuza mpaka maji yatoke meupe. Ukiona rangi ya waridi kwenye maji, ujue utaiona na kwenye bitana.

Upepo wa kusi ukivuma, saa 3 nguo imekaribia kukauka. Ianue ingali na unyevu kidogo, pasi itaipenda.

Saa 2. Bajaji hadi Mtwara mjini, kama kilomita 10, kuchapa pateni, yaani mchoro wa kukatia vipande. Paneli ya mkoba ni upana sentimita 48, urefu 43. Nimeichora nusu, ya kuwekwa kwenye mkunjo wa karatasi ya kaki, ndiyo maana inatosha kurasa 4 za A4. Ukurasa wa kwanza una mraba wa kupimia, sentimita 5 kwa 5. Huo unapimwa kwa rula palepale dukani kabla ya kulipa. Kompyuta nyingi zimetegwa zipunguze ukubwa wa kazi ili iingie ndani ya ukurasa. Mraba ukisoma 4.8, paneli yako ya 48 imekuwa 46 na hutagundua mpaka umeshakata kitambaa. Mwambie anayechapa aweke asilimia 100.

Asiye na mashine ya kuchapa karibu asihangaike. Vipimo vyote vimeandikwa, achore mwenyewe kwa rula kwenye kaki au gazeti.

Saa 4. Kukata. Hapa sina haraka.

Alama za uzi zinasema: 48.5 kwa urefu wa kanga, 49.5 kwa upana. Imerudi karibu asilimia 3 upande mmoja, na afadhali irudi sasa.

Kisha naikunja kanga katikati, pindo juu ya pindo. Kanga nyingi hazikuchapwa sawa na nyuzi zake. Pindo zikipishana chini ya sentimita 1, fuata mchoro na uachane na nyuzi, kwa sababu jicho la mteja linaona mchoro. Zikipishana zaidi, hiyo kanga ivae au ifanye kitu kingine.

Halafu jina. Mkoba wa kanga bila jina ni mkoba wa kitambaa tu, na jina ndilo linaloamua kila kipimo kingine. La leo ni WEMA HAUOZI, urefu wake sentimita 31. Uso wa mkoba ukikamilika ni sentimita 36, kwa hiyo linakaa. Jina refu, kama JAPO SIPATI TAMAA SIKATI, mara nyingi huzunguka mbavuni na msomaji anaona nusu ya maneno. Pima jina dukani kabla ya kununua doti.

Pateni nyingi za mkoba hukunja kitambaa chini ili kuokoa mshono mmoja. Kwa kanga usifanye hivyo. Ukikunja chini, upande mmoja jina linasimama na wa pili linapinduka miguu juu. Kata paneli mbili, zishonwe chini. Jina liko moja kwa kila kanga, hivyo doti moja inatoa mkoba mmoja wenye jina pande zote mbili, au miwili yenye jina mbele tu na mji (mchoro wa katikati ya kanga) nyuma.

Ukingo wa chini wa paneli uwe ndani ya pindo, na herufi zianze si chini ya sentimita 9 kutoka ukingo huo. Sentimita 1 inaliwa na mshono na 5 zinaingia kwenye kitako. Zilizobaki ni nafasi ya kupumua.

Mikanda miwili, kila mmoja 70 kwa 10, inatoka kwenye pindo refu, kwa mwelekeo wa urefu wa kanga. Huko nyuzi hazivutiki sana. Ukiikata kwa upana, ukibeba unga kilo 5 mkanda utarefuka.

Pembe mbili za chini za kila paneli zinakatwa mraba wa 5 kwa 5, ukipima kutoka ukingo wa kitambaa. Bitana ni vilevile, ila paneli yake ipungue nusu sentimita upana na nusu urefu, isije ikajikunja ndani.

Saa 6 mchana. Gamu ya kubandika kwa pasi, 46 kwa 41, nayo ina pembe zake zilizokatwa. Ni ndogo kuliko paneli ili isiingie kwenye mshono na kuufanya mnene. Pasi inakandamizwa, sekunde 10, inainuliwa, inahamia pembeni. Ukiiburuta kama unanyoosha shati, gamu inatembea. Acha ipoe mezani kabla ya kuigusa. Umeme ukikatika, pasi ya mkaa inafaa, lakini tia kitambaa chepesi juu, majivu hayana adabu.

Saa 7. Wali, samaki, embe bichi.

Saa 8. Anakuja mjaribu. Ni mama jirani anayeshona sare za shule miaka mingi, na mkoba wa namna hii hajawahi kuushona. Ndiyo sifa niliyoitafuta. Anapewa karatasi, vipande ambavyo pembe zake hazijakatwa bado, na cherehani ya miguu. Mimi nakaa na daftari, na sheria ni kwamba sijibu swali.

"Shikamoo mama. Nikinyamaza usione nina kiburi."

"Marahaba mwanangu. Kaa na kimya chako."

Dakika ya tano: "Hapa umeandika kata pembe. Pembe ipi, ya juu au ya chini?" Naandika.

Anaanza na mikanda. Imekunjwa kingo mbili katikati, kisha ikakunjwa nusu, inakuwa sentimita 2.5, inashonwa pande zote mbili. Safi. Anaiweka sentimita 14 kutoka kila ukingo wa pembeni, ncha zikizidi juu kwa sentimita 2. Mkanda mmoja umejisokota na karatasi haikumwonya. Naandika.

Mshono wa pembeni anaushona kwa nusu inchi. Mkono wa fundi umezoea inchi, na mimi nimeandika sentimita 1. Tofauti ni milimita 2.7 kila upande, mkoba unapungua zaidi ya nusu sentimita na bitana inaanza kulegea. Dawa ni plasta: ibandikwe kwenye bamba la cherehani, sentimita 1 kutoka sindano, kitambaa kifuate ukingo wake.

Saa 10 jioni. Kitako ndipo palipoharibika. Pembe za bitana alizikata mapema, za kanga akaziacha. Akashona mbavu na chini, kisha akapima sentimita 5 kutoka kwenye mshono, akakata, akashona kwa sentimita 1. Hesabu yake: 5 na 1 ni 6, mara mbili, kitako cha 12. Mkoba wa nje ukawa upana kama 33.5 na kimo 35, ilhali bitana ina kitako cha 10. Ukiiingiza inasimama kama mtu aliyevaa viatu vya mwenzake. Angekata kabla ya kushona, 5 kutoka ukingoni, kitako kingetoka 10 bila hesabu yoyote. Kosa ni la karatasi. Nilichora mraba bila kusema unakatwa lini.

Mdomoni mwa mkoba sindano namba 14 ikaruka mishono. Pale pana mkanda wenye tabaka nne, kanga, gamu na bitana. Hapo ni namba 16, gurudumu lizungushwe kwa mkono, mshono wa milimita 3. Vitanzi vikitokea chini ya kitambaa, usiguse bobini kwanza. Vua uzi wa juu uupitishe upya na mguu wa cherehani ukiwa umeinuliwa, maana mara nyingi haukukaa kwenye visahani vya kukaza uzi.

Mlango wa kugeuzia mkoba, sentimita 15 zilizoachwa wazi kwenye mshono wa chini wa bitana, ulitosha. Toleo lililopita lilikuwa na 10 na gamu ilikunjika.

Saa 1 usiku. Marekebisho manne: "kata pembe za chini za paneli zote kabla ya mshono wowote", picha ya mkanda usiosokotwa, plasta, sindano 16 ihamie kwenye orodha ya vifaa, maana mwisho wa karatasi hakuna aliyeiona.

Saa 2 usiku. Toleo la 4 linatumwa kwenye simu za mafundi. Linatumwa kama dokumenti, si picha. Picha hubanwa ikiwa njiani na mraba wa kupimia unakuwa hauna maana.

Mkoba wenye kitako cha 12 mama ameondoka nao. Bitana ameikata upya mwenyewe.