Damu ya kiwavi haingoji

Jumanne, usiku

Ukikata ncha ya mguu mmoja mnene wa tumboni mwa kiwavi wa nondo wa tumbaku (Manduca sexta), damu hutoka nyepesi kama maji, ya kijani inayoelekea buluu. Baada ya muda mfupi iguse kwa sindano: inavutika kama mlenda. Mnato wake, yaani ugumu wake wa kutiririka, basi ni upi? Inategemea umepima sekunde ya ngapi. Kipimo kisichoandikiwa muda siwezi kukiamini.

Kiwavi alale kwenye barafu dakika 15 mpaka atulie, kisha akaushwe vizuri, maana unyevu wa ngozini unazimua damu. Mkasi usizame. Ukitoboa utumbo, majimaji yake yenye alkali kali yanachanganyika na damu, na sampuli hiyo ni ya kumwaga.

Wengi hutia punje za fenilthiourea wakidhani zinazuia kuganda. Zinachozuia ni kimeng'enya kinachoitia damu weusi. Kuganda kunaendelea vilevile. Sentrifuji, mashine ya kuzungusha sampuli kwa kasi, ikiondoa seli, unapata nafasi ya kupumua, ila andika wazi kwamba umepima plazima, yaani damu isiyo na seli. Dawa ya majimaji ya kuzuia kuganda ndiyo siipendi kabisa: inabadilisha mnato uleule unaoutafuta.

Tone la mikrolita chache halitoshi kwenye kipima mnato cha kawaida. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Clemson, Marekani, hutia ndani ya tone vijiti vya nikeli vidogo mno, kisha huzungusha uga wa sumaku na kutazama kwa hadubini. Kijiti hufuatana na uga hadi kasi fulani, halafu kinashindwa, kinaanza kuyumba na kurudi nyuma. Mnato ukiwa mkubwa, kinashindwa mapema. Uzuri wake ni kwamba tone lenyewe halisumbuliwi.

Jaribu kwanza kwa gliserini ya asilimia 30 kwa uzito: kwenye nyuzi 20 za Selsiasi utarajie mnato wa karibu mPa·s 2.5 (milipaskali-sekunde, kizio cha mnato). Angalia taa ya hadubini isipashe tone joto. Hata mnato wa maji hushuka kutoka 1.00 hadi 0.89 kati ya nyuzi 20 na 25. Tone lililoachwa wazi nalo hukauka na kufanya utando wa protini juu, kwa hiyo lifunike kwa kioo na kuziba kingo kwa mafuta ya madini.

Saa ianze mkasi unapogusa ngozi, kabla tone halijafika kwenye kioo.