Gari la paa la kukunja, watoto wawili na Bibi wa Tanga

Swichi iko kati ya siti mbili za mbele. Ukiivuta na kuishikilia, vioo vinashuka, kifuniko cha nyuma kinainuka, paa la turubai linajikunja na kulala ndani yake, kisha kifuniko kinarudi mahali pake. Sekunde 20. Wanangu huzihesabu kwa sauti, tena kwa Kiswahili. Nyumbani tukiwasemesha Kiswahili wanajibu kwa Kijerumani, kama watoto wengi wa huku, lakini siku ya kwanza baba yao alilihesabia paa hili moja, mbili, tatu, na tangu hapo halijawahi kuhesabiwa kwa lugha nyingine. Yule mdogo alifika ishirini bila kukosea akiwa na miaka minne, na mwalimu wake alikuwa paa la gari.

Tunaishi Osnabrück, kaskazini-magharibi mwa Ujerumani. Mimi ni muuguzi, mume wangu yuko ghalani, kazi ile tunayoiita kubeba boksi. Gari letu ni Mercedes-Benz CLK 320 la mwaka 2004, la paa la kukunja, ambalo Wajerumani huliita Cabrio. Tulilinunua mwaka 2023 kwa yuro 6,200, na hatuna jingine. Hilo hilo linanipeleka zamu ya alfajiri, linapeleka watoto kuogelea, linabeba mchele na unga wa sembe kutoka duka la Waafrika.

Tulipotuma picha kwenye kundi la ukoo, kaka yangu alinirekodia sauti ndefu. "Dada, gari lisilo na paa, kwenye baridi hiyo? Hela hiyo si mngechukua Noah mkaileta huku ikapiga kazi?" Sikumjibu siku ile. Nilikuwa nimetoka zamu ya usiku na maneno yaliniuma. Namjibu leo, na wengine walioniuliza hivyo hivyo kwa upole zaidi.

Kwanza hela yenyewe. Wakati ule tulikuwa tunatafuta gari la kawaida la familia, na yale ya miaka mitano sita yaliyokuwa na hali nzuri yalitaka zaidi ya mara mbili ya bei hii. Gari la kifahari likizeeka, bei yake inaporomoka kuliko ya gari la kawaida, kwa sababu mwenye uwezo wa kulinunua jipya halitaki la zamani, na anayelimudu la zamani anaogopa matengenezo. Hofu hiyo ina msingi. Spea hazizeeki pamoja na gari: gari linauzwa bei ya mtumba, spea zake zinauzwa bei ya gari lililokuwa ghali. Ndiyo maana kabla ya kununua tuliweka kando yuro 2,000 za matengenezo, akaunti yake peke yake, na tukakubaliana haiguswi. Michango ya harusi miwili imepita bila kuigusa. Asiye na akiba hiyo namsihi asinunue gari la aina hii hata akipewa kwa nusu bei.

Tuliangalia manne. La kwanza lilikuwa linang'aa, lakini nilipopitisha mkono chini ya zulia la nyuma niliukuta umelowa, na ndani kulinuka kama nguo iliyosahaulika kwenye beseni. Magari haya yana mifereji ya kutoa maji ya mvua pembezoni mwa paa. Majani yakiiziba, maji yanaingia ndani, na nyaya zikishalowa utatafuta hitilafu mwaka mzima. La pili paa lilisimama nusu njia. La tatu halikuwa na kitabu cha huduma. La nne alikuwa nalo mama mmoja mtu mzima, mmiliki wa pili kwenye kadi, na kila oili iliyobadilishwa ilikuwa imeandikwa na kupigwa muhuri. Tulimwomba afungue na kufunga paa mara tatu, ya kwanza gari likiwa baridi, huku mume wangu ameinama kwenye buti anasikiliza pampu ya haidroliki. Pampu nzima ina mlio mmoja ulionyooka. Inayochoka inalalama.

Injini nayo tuliichagua kwa kusoma. CLK za umbo hili zilikuja na injini kadhaa. Ile ya CLK 200 Kompressor ni silinda nne, inakula mafuta kidogo, lakini mnyororo wake wa ndani unajulikana kwa kulegea ukichakaa. Za V6, yaani silinda sita, zilizofuata, 280 na 350, zile za mwanzo zina gia ndani ya injini inayolika, na kuibadilisha ni lazima injini ishuke chini. Ya kwetu, V6 ya lita 3.2 yenye nguvu farasi 218, ni ya kizazi cha kabla yake, na mafundi wengi niliowauliza waliisifu kwa uvumilivu. Ina plagi 12 kwa silinda sita, mbili mbili, kwa hiyo siku ya kubadilisha plagi ujue unalipia 12. Inakula lita 10 na kitu kwa kilomita 100 tukienda taratibu. Kodi ya gari ni yuro 216 kwa mwaka, maana magari ya petroli ya miaka ile hutozwa kwa ukubwa wa injini: yuro 6.75 kwa kila sentimita 100 za ujazo, na hili la lita 3.2 linahesabiwa mafungu 32 ya hivyo. Ukaguzi wa serikali ni kila baada ya miaka miwili.

Kuna jambo nililijua baada ya kununua, na limenifanya nilipende gari hili kwa namna nyingine. Jirani yetu wa ghorofa ya chini, mzee mstaafu, alikuja kulizunguka taratibu akapapasa turubai kwa kiganja, akasema gari hili limezaliwa hapa hapa mjini. Karmann, kiwanda kilichoanzishwa Osnabrück mwaka 1901, ndicho kilichoiundia Mercedes magari haya ya paa la kukunja. Kabla ya hapo kiliunda Volkswagen Beetle za wazi tangu 1949, na baadaye Golf. Mwaka 2009 Karmann ikafilisika, Volkswagen ikaja kulichukua jengo. Mzee alifanya kazi mle miaka mingi, upande wa mapaa. Alinionyesha mishono ya turubai, wapi mkono wa mtu umepita, wapi mashine, na akanikataza nisije nikalielekezea bomba la maji ya kasi. Brashi laini, maji ya vuguvugu, sabuni kidogo, kisha dawa ya kuzuia maji mara moja kwa mwaka. Na usilikunje likiwa limelowa, wala kwenye barafu.

Yeye ndiye aliyetuokoa mwaka 2024, bomba moja la haidroliki lilipoanza kuvuja na mafuta yakachuruzika juu ya kichwa cha mume wangu. Karakana moja kubwa ilitutajia yuro 2,900 kubadilisha kila kitu. Mzee akatuelekeza kwa fundi anayefungua bomba lile lile, anaweka sili mpya na kulirudisha. Tulilipa yuro 430. Akaunti yetu ilitosha, na bado ikabaki na kitu cha kununulia tairi za baridi, ambazo huku watu wanazifunga kuanzia Oktoba hadi Pasaka.

Sasa kwa mwenye watoto. Milango ni miwili, siti ni nne, basi. Siti ya mbele inasogea mbele kupisha mtu apite, lakini kumfunga mtoto mchanga kule nyuma ni kuumiza mgongo, na paa likikunjwa linakula nusu ya buti, kwa hiyo kigari cha mtoto hakikai. Sisi tulinunua wa mwisho alipokuwa na miaka minne, tayari anapanda mwenyewe. Sheria ya hapa inataka kiti cha mtoto mpaka afikishe miaka 12 au urefu wa sentimita 150, na viti viwili vinaenea vizuri. Kitu ambacho wauzaji hawakisemi ni kile kiwavu cha kuzuia upepo: kinafungwa juu ya siti za nyuma, maana yake ukiwa na watoto huwezi kukitumia. Upepo wote unawaishia wao. Basi tunapandisha vioo vya pembeni, tunapita barabara za vijijini badala ya barabara kuu, na kila mtoto ana kofia ya sufu kwenye mfuko wa mlango, hata Julai. Mkubwa alipolalamika masikio, tulisimama tukafunga paa. Hiyo ni kanuni: akisema mmoja, linafungwa, hakuna mjadala.

Majira ya baridi ndiyo kazi. Chumvi inayomwagwa barabarani inatafuna chuma. Matao ya magurudumu ya nyuma yalikuwa na vipele vya kutu tulipolinunua, tulivikwangua na kuvipaka dawa, na kila baada ya barafu kuyeyuka naenda kuliosha chini ya uvungu. Raba za vioo na paa nazipaka mafuta yake mwezi wa kumi ili zisigande. Mifereji ile ya maji naisafisha kwa waya laini, hasa majani yanapoanguka. Nimeijua kazi hii, na naifanya kwa moyo ule ule ambao baba alilifanyia pikapu lake.

Maana yote yalianzia kwenye pikapu. Baba alikuwa analeta machungwa Tanga mjini kutoka Muheza, na likizo sisi watoto tulipanda nyuma juu ya magunia pamoja na mama, kanga imefungwa kichwani, upepo unatupiga vifua. Tulipokaribia Pongwe hewa ilibadilika, ikawa na chumvi, na baba alipiga honi na kutoa kichwa dirishani: "Tumefika Pongwe!" Hakuna safari niliyowahi kusafiri tangu hapo, kwa ndege wala kwa treni, iliyonipa furaha ile. Nilikuwa sijawahi kumwambia mume wangu. Nilimwambia siku tuliyolijaribu gari la nne, paa liko wazi, tunapita kwenye mashamba.

Kiwanja chetu Tanga kina msingi, na tofali zinaongezeka kadiri tunavyoweza. Mama anapata hela yake kila mwezi. Hayo hatujayaacha na hatutayaacha. Lakini wanangu wana utoto mmoja, na unapita hapa, katika nchi ambayo nusu ya mwaka jua linatua kabla sijatoka kazini. Nimewauguza wazee wengi wa mji huu wanaonisimulia safari walizokuwa wanaahirisha. Sikutaka watoto wangu waje kukumbuka Ulaya kama miaka ambayo baba na mama walikuwa wamechoka.

Mama yangu alikuja kiangazi cha 2025, siku 90 za viza. Wiki tatu za kwanza alikaa kwenye kochi. Tunakaa ghorofa ya tatu, ngazi zinamsumbua magoti, na nje hakuna kibaraza ambapo mtu anakaa akasalimiwa na wapita njia. "Mwanangu," aliniambia jikoni, "watu wa huku wanaishi kama dawa ndani ya chupa." Jumamosi iliyofuata tukasema twende baharini, Norddeich, kule meli zinakovukia kwenda kisiwa cha Norderney. Hapo ndipo siti nne zilipotubana, kwa sababu tulikuwa watano. Mume wangu alimfunga Bibi mkanda siti ya mbele, akamsalimu, akachukua begi lake akaenda stesheni. Alikuwa na tiketi ile ya mwezi ya nchi nzima, yuro 58 mwaka ule, unapanda treni zote za mikoani.

Watoto walihesabu. Kwenye nane nikasikia sauti ya tatu, mama anahesabu nao, kanga ameifunga chini ya kidevu. Walipofika ishirini mdogo alimgeukia: "Bibi, du kannst das auch!" Yaani, na wewe unaweza! Alishangaa Bibi naye anazijua zile hesabu za gari. Mama akacheka mpaka akafuta machozi kwa pindo la kanga.

Tulikwenda polepole, kilomita 80 kwa saa, tukipita mifugo na vinu vya upepo. Karibu na mji wa Norden hewa ikabadilika. Mimi nilikuwa naangalia barabara. Mama alikuwa amenyamaza muda mrefu nikadhani amesinzia. Akasema kwa sauti ya chini, "Tumefika Pongwe." Ilinibidi nisimame pembeni kidogo.

Bahari ya kule ina kupwa na kujaa kwa kweli, si kidogo. Tulikuta maji yamekupwa, tope limeachwa wazi mpaka mbali, na watu wanatembea juu yake miguu mitupu. Mama hakuuliza kitu. Alivua viatu, akapandisha kanga, akaingia na wajukuu kila mmoja mkono mmoja, akawa anawaonyesha vishimo vya minyoo na kaa, na jinsi ya kukanyaga usizame, kama wanawake wa kwetu wanavyokwenda kuokota chaza. Mume wangu alishuka kwenye treni akamkuta huko kwenye tope anafundisha.

Mwaka huu anakuja tena, barua ya mwaliko tumeshaituma. Paa nimelipaka dawa wiki iliyopita. Siti bado ni nne, na safari hii zamu ya treni ni yangu.